Duka la mbegu la baba, mwana na wajukuu: somo kutoka kwa ukoo wa Sutton

Msimu wa kununua mbegu umefika na swali ni lile lile: "Bwana shamba, duka gani niliamini?" Leo najibu kwa historia kidogo.

Mwaka 1806, katika mji wa Reading, Uingereza, John Sutton alianza biashara ya nafaka. Mwanawe, Martin Hope Sutton, alipoingia dukani akaisukuma biashara kwenye mbegu za mboga na maua.

Enzi hizo ulaghai wa mbegu ulikuwa umekithiri. Wafanyabiashara walichukua mbegu za bei rahisi zinazofanana na mbegu nzuri, wakaziua kwa joto, kisha wakazichanganya na nzuri. Kwa nini waziue? Kwa sababu zikiota, mkulima angeona mmea mwingine na kumkamata mwizi. Mbegu iliyokufa haitoi ushahidi! Nyingine kuukuu zilipakwa rangi zionekane mpya.

Mwaka 1840 Martin Sutton alianzisha maabara ya kupima uotaji na usafi wa mbegu kabla ya kuuza. Mwaka huohuo reli ilifika Reading, na posta ikaanza kusafirisha barua kwa peni moja nchi nzima. Basi mkulima wa mbali akaweza kuagiza bila kufika dukani. Lakini nani ataagiza mbegu asizoziona kama hamwamini muuzaji? Kipimo ndicho kilichobeba biashara. Sheria ya kukataza kuua na kupaka rangi mbegu ilikuja 1869, karibu miaka 30 baadaye.

Ukoo ulipata pigo pia. Leonard Sutton, mtoto wa Martin, alipoteza wana wanne kati ya watano katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliyebaki, Noel, akaendeleza kazi. Baadaye kampuni ilitoka mikononi mwa ukoo, na mwaka 1976 ikahama Reading, lakini jina la Suttons bado lipo kwenye pakiti.

Sisi tunabeba nini hapa?

Usiamini duka kwa ukubwa wa bango. Angalia haya:

1. Pakiti imefungwa vizuri na ina lebo ya TOSCI, tarehe ya kupimwa na namba ya fungu.
2. Mbegu haziuzwi kwa kupimwa na kopo kutoka gunia lililo wazi, wala hazikai juani.
3. Muuzaji anakupa risiti. Itunze pamoja na pakiti mpaka uvune.

Kisha pima mwenyewe. Chukua mbegu 100 bila kuchagua, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, na kisikauke. Kwa mahindi, hesabu siku ya saba. Zikiota 90 au zaidi, panda. Zikiwa 70 hadi 89, ongeza mbegu kwenye shimo. Chini ya hapo, usipande. Rudi dukani na risiti yako. Mbegu zenye dawa zishike kwa glovu, na zilizobaki usiwape kuku.

Nawe mwenye duka la pembejeo unayetaka kumrithisha mwanao: pima kabla hujauza. Mkulima aliyepoteza msimu mmoja kwa mbegu zako harudi, na majirani zake hawaji.

Mwenye swali aniulize. Tupime kwanza, ndipo tupande.