Dawa ya Kuchua Nyumbani: Namna ya Kuitumia kwa Usalama

Mgongo ukikaza baada ya palizi, au goti la bibi likianza kuuma, dawa ya kuchua ndiyo hukimbiliwa kwanza. Huuzwa bila cheti cha daktari, na kwa maumivu madogo ya misuli mara nyingi inatosha. Lakini hupenya ngozi na kuingia kwenye damu, kwa hiyo ina kipimo chake, kama kidonge.

Soma viambato kwenye tyubu. Methili salisileti, yenye ile harufu kali, ni jamii moja na aspirini. Mentholi huleta ubaridi, na kapsaisini ya pilipili huleta joto. Jeli ya diklofenaki hupunguza uvimbe wenyewe. Usiitumie pamoja na vidonge vya maumivu kabla ya kumuuliza mfamasia.

Dawa na moto havikai pamoja

Hapa ndipo watu huumia. Mgonjwa anapakwa dawa, kisha anakandwa kwa taulo la maji ya moto, au anafungwa bandeji ya kubana ili dawa iingie. Huingia kweli, tena kupita kiasi, na ngozi inaweza kuungua hadi kutoa malengelenge. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu watu walioungua kwa dawa za kuchua, wengi wao baada ya kupaka mara moja tu. Ukitaka kukanda, kanda bila dawa. Ukitaka kupaka, ngoja ngozi ipoe kwanza.

Paka kidogo, mahali panapouma tu, na usizidishe idadi ya mara iliyoandikwa kwenye tyubu. Usipake kwenye kidonda wala mchubuko. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika macho, chakula au mtoto. Ngozi ikianza kuchoma vibaya, osha mara moja kwa sabuni na maji ya baridi, na usiirudie dawa hiyo.

Wingi nao unaua. Mwaka 2007, huko New York, mwanariadha wa miaka 17 alifariki, na uchunguzi ukaonyesha methili salisileti nyingi mno mwilini mwake.

Wanaopaswa kuuliza kwanza

Mjamzito asipake diklofenaki bila ushauri, hasa mimba ikifika wiki ya 20. Anayetumia warfarini akae mbali na methili salisileti, kwani inaweza kumfanya atokwe damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na aspirini, aulize kabla ya kununua.

Kwa watoto tuwe wakali. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya methili salisileti kinaweza kumuua mtoto, na kafuri, iliyomo katika baadhi ya dawa hizi, ikimezwa huleta degedege ndani ya dakika chache. Usimpake mtoto mchanga dawa hizi puani wala kifuani. Zifungie juu, asikofika. Akimeza, usimtapishe, wala usipoteze muda kutafuta maziwa: mkimbize hospitali pamoja na chupa au tyubu yenyewe.

Maumivu yakipita siku saba, nenda kituo cha afya. Usingoje hata siku moja kiungo kikivimba na kuwa cha moto huku una homa, miguu ikifa ganzi, mkojo ukikutoka bila kujizuia, au mtoto mwenye selimundu akilia kwa maumivu ya mifupa.