Anwani Moja, Maduka Mawili

Swali: Tarakilishi ya dukani kwangu hapa Otonglo ina anwani 192.168.1.10, na ya ndugu yangu kule Kondele ni hiyo hiyo. Mbona ujumbe wetu haupotei?

Jibu: Ndugu msomaji, anwani hiyo ni ya ndani tu, mithili ya kusema "chumba cha pili", nayo kanuni ya mwaka 1996 imeitenga, pamoja na zote zianzazo na 192.168, aitumie atakaye bila ya kuomba idhini; ama huko nje, ruta yako, kile kisanduku chenye vitaa vinavyomemetuka, huibadilisha kwa anwani ya hadharani itokayo kwa kampuni ya intaneti, na huhifadhi daftari la nani aliyeuliza nini, hata jibu limrudie mwenyewe. Hila hii yatokana na uhaba, kwani anwani za mtindo wa zamani hazifiki bilioni 4.3 duniani kote. Ila mashine mbili za duka lako zisishirikiane namba moja: zitagongana. Iachie ruta izigawe yenyewe.