Kupanua Madigadi kwa Ajili ya Matairi Mapana: Pima Kabla ya Kukata

Katika gereji za jua kali za Busia, Malaba na Bumala, si ajabu gari dogo kuletwa ili livalishwe matairi mapana kuliko yale ya kiwandani. Wengine wanataka gari litulie kwenye matope ya barabara za vijijini msimu wa mvua. Wengine wanapenda tu lionekane imara. Shida huanza tairi linapogusa madigadi na fundi akaombwa akate bati. Kazi hiyo inawezekana, lakini ikifanywa bila vipimo huhatarisha maisha ya abiria.

Kusoma namba za tairi

Tairi la 195/65R15 lina upana wa milimita 195. Namba 65 ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwenye gari akihamia 215/65R15, upana huongezeka kwa milimita 20: 10 kuelekea ndani, kwenye springi, na 10 kuelekea nje. Tairi pia hupanda juu kwa milimita 13, na kipenyo chake chote hukua kwa asilimia 4.

Hivyo spidomita iliyokuwa ikisoma sawasawa itaonyesha 80 wakati gari linakwenda 83. Dereva wa matatu, ambaye kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa, atavunja sheria bila kujua. Anayetaka upana bila kimo kikubwa achague 215/60R15, ambalo kipenyo chake kinakaribia sana kile cha awali.

Rimu nayo ina namba yake, ambayo mara nyingi huandikwa ET. Kadiri namba hiyo inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyosogea nje. Kutoka ET45 hadi ET35 ni milimita 10 zaidi. Gurudumu lililosogezwa sana nje huchosha beringi na kuufanya usukani kuwa mzito.

Mbele si sawa na nyuma

Katika magari mengi madogo, madigadi ya mbele hufungwa kwa bolti. Ikiharibika, hufunguliwa na kuwekwa nyingine. Ya nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe: bati la nje na la ndani huunganishwa kwenye ukingo. Fundi akikata ukingo huo bila kuyachomelea tena, maji na matope huingia katikati, kutu huanza, na bodi hupoteza nguvu.

Njia salama zaidi ni kukunja ukingo kuelekea ndani polepole, rangi ikiwa imepashwa joto ili isipasuke. Palipokatwa pachomelewe, papakwe rangi ya kuzuia kutu, na ukingo usiachwe na ncha kali. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe, na mabomba ya mafuta na ya breki yaliyo karibu yalindwe dhidi ya moto.

Kujaribu gari likiwa na mzigo

Gari tupu hudanganya. Abiria na magunia wakishapanda, springi hushuka na nafasi iliyoonekana kutosha hutoweka. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, jaza gari kama kawaida, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pita kwenye tuta polepole. Chaki ikifutika, tairi linagusa, na bati linaweza kulikata hadi lipasuke njiani.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari pamoja na sehemu zake zote, yakiwemo matairi, liwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Tairi lililochomoza nje ya madigadi hurusha mawe na matope kwa waendao kwa miguu na waendeshaji wa bodaboda. Wenye magari wanashauriwa kuwasiliana na NTSA na kampuni yao ya bima kabla ya kubadilisha bodi, kwa kuwa badiliko lisilotajwa linaweza kuleta mvutano wakati wa kudai fidia.

Mkazi anayepeleka gari kwa fundi aulize mambo matatu: tairi litasogea milimita ngapi, ukingo utakunjwa au utakatwa, na gari litajaribiwa vipi likiwa limejaa. Fundi asiye na majibu asipewe bati akate.