Pete ya Uchumba ni Mali ya Nani Uchumba Unapovunjika?

Katika maeneo yetu ya machimbo, kuanzia Kakola na Bugarama hadi Geita, pete ya dhahabu si pambo tu. Kwa kijana anayeishi kwa kipato cha mwamba, pete ni akiba ya miezi kadhaa. Kwa hiyo uchumba unapovunjika, swali la nani abaki nayo huzua ugomvi, na wakati mwingine huishia kwa kunyang'anyana na kupigana. Makala hii inaeleza sheria inasema nini.

Jibu lipo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Kifungu cha 71 kinaruhusu mtu kufungua shauri kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa. Sharti ni moja: mahakama iridhike kwamba mtoaji alikusudia zawadi hiyo itegemee kufungwa kwa ndoa. Pasipo kusudio hilo, zawadi hairudishwi.

Tuchukue mfano. Mchimbaji mdogo anamnunulia mchumba wake pete kwa sonara mjini Kahama. Mshenga anaipeleka nyumbani kwa binti siku ya posa, mbele ya wazee, kuwa kishika uchumba. Kabla ya uchumba, kijana huyo alikwisha kumpa binti simu siku ya kuzaliwa kwake, na vitenge wakati wa sikukuu. Uchumba ukivunjika, pete inaweza kudaiwa, kwa kuwa mazingira ya kuitoa yanaonesha kuwa ilifungamana na ndoa. Simu na vitenge ni zawadi za kawaida za mapenzi. Ni vigumu kuishawishi mahakama kwamba vilitolewa kwa sharti la ndoa.

Wengi huuliza: je, aliyevunja uchumba hupoteza haki yake? Kifungu cha 71 hakitaji kosa la upande wowote. Kinachotazamwa ni kusudio la mtoaji. Mwenye malalamiko ya kuvunjiwa ahadi anatazama kifungu cha 69, kinachoruhusu kudai fidia. Hata hivyo, fidia hiyo haizidi hasara halisi ya gharama zilizotokana moja kwa moja na ahadi, kama vile malipo ya ukumbi au mshono wa shela. Aibu na uchungu wa moyo havilipwi. Wala mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuoa au kuolewa.

Mambo hubadilika ndoa ikishafungwa. Sharti la pete limetimia, hivyo mtoaji hawezi kutumia tena kifungu cha 71. Zaidi ya hayo, kifungu cha 61 kinasema kuwa mwanandoa akimpa mwenzake mali ndoa ikiwapo, mali hiyo huchukuliwa kuwa ya aliyepewa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Mahari nayo ina taratibu zake. Kwa familia zinazofuata mila, ng'ombe waliotolewa huamuliwa kwa sheria za kimila, ambazo kwa makabila mengi ya bara ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 279 la mwaka 1963. Ni vema pete na ng'ombe vihesabiwe mbalimbali tangu siku ya posa.

Ili kujikinga na mgogoro, zingatieni haya:

1. Tunza risiti ya sonara inayoonesha uzito na karati.
2. Wazee na mshenga waandike kilichotolewa na sababu yake, na pande zote mbili zitie saini.
3. Uchumba ukivunjika, anzeni kwa mazungumzo ya familia.
4. Mkishindwa, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.
5. Hatua ya mwisho ni mahakamani. Msichelewe, kwa kuwa madai huwa na ukomo wa muda.

Jambo moja lisisahaulike: hata mwenye haki ya kurudishiwa pete hana ruhusa ya kuivua kidoleni mwa mwenzake kwa nguvu. Anayefanya hivyo hugeuza dai lake la haki kuwa kosa la jinai, na anayestahili kuwa mdai akajikuta mshtakiwa.