Mnase Kwanza, Ndipo Umfundishe Kushuku

Andika ubaoni "fikiri kisayansi" na wanafunzi wako wa saikolojia watanakili, kisha watayarudisha maneno hayo kama yalivyo siku ya mtihani. Jioni ileile utawakuta bwenini wakihadithiana ule uzushi kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Mtu hajifunzi kushuku kwa kunakili. Hujifunza akishanaswa yeye mwenyewe. Jaribu mbinu hizi tatu.

1. Wasomee nyota. Mwaka 1948, mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba. Baadaye kila mmoja akapewa maelezo ya tabia yake, ayapime kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi yakiwa yametoka kwenye kitabu cha unajimu.

Nawe wape dodoso fupi, na wiki inayofuata warudishie bahasha zenye majina yao. Ndani weka sentensi kama hizi: "Ukiudhiwa hunyamaza, lakini husahau upesi." "Unapenda watu, ila kuna siku unatamani wakuache." Wakishatoa alama, mwombe mmoja asome yake kwa sauti. Hatafika mstari wa tatu kabla ya kicheko. Hapo uliza: ni sentensi ipi isiyomfaa jirani yako? Waeleze ukweli kabla kipindi hakijaisha, na usimtaje mtu kwa alama aliyotoa.

2. Wape 2, 4, 6. Zoezi hili ni la mwanasaikolojia Peter Wason, aliyelichapisha mwaka 1960. Waambie namba hizo tatu zinafuata kanuni uliyonayo kichwani. Waigundue kwa kukutajia namba tatu tatu, nawe ujibu "ndiyo" au "hapana" tu. Chora safu mbili ubaoni. Watataja 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, halafu watatangaza kwa uhakika: "Ni kuongeza mbili!" Sivyo. Kanuni ni namba zinazopanda, basi. Waonyeshe safu ya "hapana" ilivyobaki tupu. Walikuwa wakitafuta kukubaliwa. Aliyethubutu kutaja 1, 7, 50 akitarajia "hapana" ndiye aliyelipima wazo lake.

3. Chambueni dai moja kila wiki. Litoeni redioni, gazetini au kwenye kitabu cha kozi, mliulize: Walipimwa akina nani, wangapi? Walilinganishwa na nini? Matokeo gani yangeliangusha? Chukua dai kwamba muziki wa Mozart huwaongezea watoto akili. Utafiti wa mwaka 1993 ulioanzisha gumzo hilo ulipima wanafunzi 36 wa chuo kikuu, na faida iliyoonekana haikuzidi robo saa. Mtoto mchanga hakuwamo.

Lakini chunga: kushuku si kubisha kila kitu. Mwanafunzi anayesema "tafiti zote ni uongo" hajafikiri zaidi ya yule anayeamini zote. Mdai naye ushahidi.

Mwisho, badilisha mtihani wako. Usiulize fasili ya fikra tunduizi. Mpe mwanafunzi dai asilowahi kuliona, aandike ni ushahidi gani ungemfanya alikubali na upi ungemfanya alikatae. Wanafunzi husoma kile wanachojua kitatahiniwa.