SOMO: WATOTO WETU NA MAJI YA LAMBO

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma habari za merikebu ya Paulo iliyovunjika karibu na Melita, nayo ilichukua watu 276. Akida aliwatanguliza majini wale wenye kujua kuogelea. Wengine walifuata juu ya mbao, na wote wakaokoka. Tuangalie jambo moja: wale wa kwanza hawakujifunza kuogelea siku ile ya dhoruba. Walikuwa wamejifunza zamani.

Labda mtu atasema, "Sisi wa Haydom twakaa mbali na bahari, kuogelea ni kazi ya watu wa pwani." Walakini ni nani apelekaye ng'ombe lamboni? Ni nani ainamaye kisimani na ndoo? Ni mtoto. Na ukingo wa lambo huteleza, wala kina chake hakionekani kwa sababu ya tope. Wazee husema mfa maji haishi kutapatapa. Lakini mtoto azamaye mara nyingi hushuka kimya, wala hapigi kelele. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka 5.

Hata pwani kwenyewe imepasa watu wafundishwe. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, wasichana wengi walikua kando ya bahari pasipo kujua kuogelea, kwa kuwa walikosa mavazi ya kuogelea yenye stara. Mradi wa Panje ukawafundisha, wakivaa nguo za kusitiri mwili mzima. Basi, ikiwa mtoto wa pwani hufundishwa, je, si zaidi mtoto wa mchunga ng'ombe?

Haya ndiyo yapasayo kufundishwa:

1. Mtoto asiyetimiza miaka 6 asiende majini pasipo mtu mzima wa kumwangalia.

2. Mwenye miaka 6 na zaidi afundishwe na mtu ajuaye, penye maji safi yasiyopita kifua chake: kwanza kutoa pumzi ndani ya maji, kisha kuelea chali, mwisho kujisogeza mpaka ukingoni. Lambo lenye konokono wa kichocho halifai. Watu wa afya waulizwe kwanza.

3. Amwonaye mwenziwe akizama asijitupe majini. Aite watu, anyoshe fito, au atupe kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

4. Aliyetolewa majini asitundikwe kichwa chini, wala asiminywe tumbo. Alazwe chali, ikiwa hapumui, aliyefundishwa kazi hiyo ampulizie pumzi kinywani na kumsukuma kifua, na mwingine akaite msaada wa hospitali.

5. Korongo likijaa, asivuke mtu, hata ajuaye kuogelea. Tarehe 3 Desemba 2023 maji na matope yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Mbele ya maji ya namna hiyo nguvu za mikono si kitu.

Sasa tuliangalie lambo lenyewe, maana kumlinda mtoto na kuyalinda maji ni kazi moja. Uzio wa miiba au wa minyaa humzuia mtoto asianguke. Uzio huo huo huwazuia ng'ombe wasibomoe ukingo na kuchafua maji. Birika lao lijengwe nje ya uzio. Tena majani na miti iliyo juu ya lambo isikatwe ovyo, kwa sababu udongo usio na majani huchukuliwa na mvua, nao hulijaza lambo mpaka likauke upesi. Watoto wenyewe, wakifuatana na mtu mzima, wapewe zamu ya kuutazama uzio, wapate kujua kwamba maji ni amana waliyokabidhiwa.

Maswali ya kuzungumza: Katika kijiji chenu, ni lambo gani au kisima gani kisicho na uzio? Ni nani kwenu ajuaye kuogelea, naye yu tayari kufundisha? Mwalimu wa kila mtaa ayaandike majibu, na siku ya kazi ipangwe kabla watu hawajaondoka. Tusingoje msiba ndipo tukakate miiba.