Je, Picha Hii Ni Yako?

Muhula uliopita nilikagua vitambulisho mlangoni siku ya uchaguzi wa jumuiya yetu, nikamrudisha dada mmoja. Picha yake ya mwaka wa kwanza ilikuwa na miwani na uso mwembamba. Aliyesimama mbele yangu hakuwa na miwani. Baadaye wenzake wa bweni walikuja kumshuhudia, akapiga kura dakika chache kabla ya sanduku kufungwa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na hakika kabisa.

Muhula huu nachukua somo moja la saikolojia, nikajikuta humo. Kuna jaribio linaloonekana jepesi: unapewa nyuso mbili, useme ni za mtu mmoja au la. Hukumbuki chochote, zote ziko mbele yako. Vicki Bruce na wenzake, katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1999, walionyesha uso mmoja na picha nyingine 10 za kulinganisha, zote safi. Watu walikosea karibu mara 3 katika kila 10. Miaka miwili kabla, Richard Kemp na wenzake waliwatuma wanafunzi kununua vitu supamaketi kwa kadi zenye picha. Kadi zenye picha ya mtu mwingine, zaidi ya nusu zilipita!

Utasema makeshia hawana ujuzi huo. Basi mwaka 2014 David White na wenzake waliandika juu ya maafisa wa pasipoti wa Australia: hawakuwashinda wanafunzi, na miaka kazini haikuwasaidia.

Tunaponzwa na marafiki. Uso tuliouzoea tunautambua hata kwenye picha mbovu, tukadhani macho yetu ni hodari kwa kila uso. Kwa mgeni tunashika miwani, mwanga, unene wa shavu.

Nikakumbuka darsa la mlango wa ushahidi. Imam Nawawi katika Minhaj anasema anayemjua mtu kwa jina na nasaba humtolea ushahidi hata asipokuwepo. Asiyemjua hivyo, mtu huyo lazima awepo, aashiriwe. Niliisoma (nakiri) kama habari ya zama zisizo na kamera.

Kwa uchaguzi ujao nimeiomba kamati iweke mezani orodha ya namba za usajili, na kila mlango uwe na mtu wa kitivo hicho anayewajua wenzake. La kwanza limekubaliwa. La pili, mwenyekiti anasema watu hawatoshi.